Masisi na Walikale: maji yanabadilika, sheria ya samaki ni ile ya 1937

Mvua kubwa ikinyesha usiku katika vilima vya Masisi, haichukui muda mrefu mto Lowa kupita Walikale ukiwa na rangi ya udongo. Mvuvi anayetega nyavu zake kando ya mto anavuta majani, vipande vya miti na matope. Samaki hakuna. Akiulizwa sababu, atasema mvua za siku hizi si zile za zamani. Ana haki ya kusema hivyo, lakini jibu lake ni nusu tu ya habari. Nusu ya pili iko juu vilimani, ambako udongo umetoka, na iko pia katika ofisi ambako sheria ya uvuvi ya Congo bado inasimama juu ya maandishi ya wakati wa Wabelgiji.

Kwa wakaaji wa wilaya hizi mbili za Kivu Kaskazini, hii ni habari ya sahani ya kila siku. Tathmini ya IPC iliyotolewa mwezi wa tatu 2025 ilihesabu watu zaidi ya milioni 27 wenye njaa kali katika Congo nzima, na Kivu Kaskazini ni kati ya majimbo yaliyoumia zaidi. Ng'ombe wa Masisi wameibwa au wamehamishwa kwa sababu ya vita. Barabara ya Goma kwenda Walikale kupitia Sake na Masisi inafungwa na kufunguliwa kwa kufuata mapigano. Wakati Thomson wa kutoka ng'ambo hafiki sokoni, na makayabo ni ghali, samaki wa mto na wa bwawa ndiye anayebaki kuwapa watoto nguvu. Kama naye anapotea, hakuna mwingine wa kumrithi.

Maji yanayounganisha wilaya mbili

Ramani inaonyesha Masisi na Walikale kama wilaya mbili tofauti. Maji hayajui mpaka huo. Masisi ni nchi ya milima na malisho, sehemu nyingi zikiwa juu ya mita 1,500 na vilele vikipita mita 2,000. Walikale, wilaya kubwa kuliko zote za Kivu Kaskazini, inashuka taratibu hadi kwenye msitu wa mabonde, chini ya mita 1,000, ambako joto ni la mwaka mzima. Lowa na Osso hupata maji yake katika milima hiyo ya Masisi, kisha huingia msituni na kuelekea Lualaba. Sekta ya Osso-Banyungu huko Masisi imebeba jina la mto huo.

Lakini si maji yote ya Masisi yanayokwenda Walikale. Upande wa Sake, vijito vinateremka kwenye Ziwa Kivu. Na katika usultani wa Bashali kuna maziwa ya Mokoto, kubwa kati yake likiwa Ndalaga, ambako familia nyingi zimevua kwa vizazi. Kwa hiyo Masisi ni kama paa la nyumba: maji yake yanagawanyika pande kadhaa, na kila upande una samaki wake.

Jambo hilo lina maana kubwa kwa yeyote anayetaka kulinda samaki. Shamba linalolimwa hadi ukingoni mwa kijito huko Nyabiondo linaweza kuharibu mahali pa kuzalia samaki umbali wa siku nyingi za kutembea, katika wilaya nyingine, chini ya mwami mwingine. Anayefanya kosa haoni hasara. Anayepata hasara hana pa kushtaki.

Joto: habari njema juu, habari mbaya chini

Mwaka 2024 ulikuwa wa joto kuliko yote iliyowahi kupimwa duniani. Kwa mujibu wa Shirika la Hali ya Hewa Duniani, ulipita kwa kiasi cha digrii 1.5 hali ya joto ya kabla ya viwanda. Katika maji, digrii moja au mbili si kitu kidogo, kwa sababu samaki hana njia ya kupasha au kupoza mwili wake. Joto la maji ndilo joto lake.

Masisi na Walikale hazipokei joto hilo kwa namna moja. Tilapia anayefugwa katika mabwawa ya Kivu hukua vizuri maji yakiwa kati ya digrii 25 na 30. Chini ya digrii 20 anakula kidogo, anakua polepole, na kuzaa kunakuwa shida. Ndiyo sababu wafugaji wa samaki wa milimani wamezoea kungoja muda mrefu kabla ya kuvuna, na kupata samaki wadogo kuliko wale wa mabonde. Kwa bwawa la mlimani, maji kupata joto kidogo yanaweza hata kusaidia. Si kila badiliko ni msiba, na ni vizuri kusema hivyo wazi.

Chini msituni hesabu inageuka. Maji yakipata joto yanapoteza hewa. Kwenye usawa wa bahari, lita moja ya maji yenye digrii 20 inaweza kubeba karibu miligramu 9 za oksijeni. Ikifika digrii 30 inabeba kama miligramu 7.5 tu. Wakati huohuo, samaki mwenye joto anahitaji hewa zaidi, kwa kuwa mwili wake unafanya kazi haraka. Katika kijito chenye maji machache wakati wa kiangazi, kilichojaa majani yanayooza, pengo hilo linaua. Wanaoishi kando ya vijito hivyo wanaijua dalili yake: samaki wanapanda juu alfajiri wakivuta hewa kwa midomo.

Kambale, ambaye Walikale wengine humwita ngolo kama watu wa Kisangani, anaweza kuvumilia. Ana kiungo cha kupumulia hewa ya juu ya maji, na ndiyo maana huonekana hai hata katika tope. Samaki wengine wengi wa mto hawana bahati hiyo. Kwa hiyo joto haliondoi samaki wote mara moja. Linachagua. Mto unaweza kubaki na samaki, lakini wa aina chache, na wale wa maji baridi yanayokimbia juu ya mawe ndio wanaotangulia kutoweka.

Mvua: hasara ya kwanza ni udongo

Kama joto linafanya kazi polepole, mvua inapiga kwa siku moja. Mwanzoni mwa mwezi wa tano 2023, mafuriko na maporomoko yalifuta sehemu kubwa ya vijiji vya Bushushu na Nyamukubi, wilayani Kalehe, jirani kabisa na Masisi, na kuua watu zaidi ya 400. Mwezi mmoja kabla ya hapo, katika kijiji kimoja cha Masisi, mlima ulianguka juu ya watu karibu ishirini, wengi wao akina mama na watoto waliokuwa wakifua nguo na kuosha vyombo kwenye kijito. Mwanzoni mwa 2024, mto Congo wenyewe, ambao unapokea maji ya Lowa kupitia Lualaba, ulifika Kinshasa kwenye kimo ambacho hakikuonekana tangu mafuriko ya 1961.

Misiba hiyo inahesabiwa kwa watu waliokufa na nyumba zilizobomoka, na ni haki. Lakini nyuma yake kuna hasara isiyohesabiwa. Tilapia dume huchimba kiota chake katika maji ya kina kifupi, penye mchanga au udongo laini. Jike hubeba mayai mdomoni. Samaki wengine wa mtoni hubandika mayai juu ya mawe na majani. Tope likishuka kwa wingi, linafunika kiota, linaziba nafasi kati ya mawe, na kuzuia mwanga unaolisha mimea midogo ambayo ndiyo chakula cha samaki wachanga. Mafuriko ya kawaida hayana ubaya huo. Katika mito ya msitu, maji yanapopanda taratibu na kuingia kati ya miti, samaki hufuata, hula, na kuzaa humo. Kwao mafuriko ni sikukuu. Shida ni mvua inayoshuka kwa nguvu katika saa chache, ikifuatwa na wiki za jua. Maji yanapanda na kushuka kabla mayai hayajaanguliwa.

Mafuriko yanaleta pia shida ambayo wachache wanaizungumzia. Bwawa likipasuka, samaki wake wanaingia mtoni. Tilapia wa Nile, yule anayefugwa zaidi, ni mwenyeji wa Ziwa Kivu na Ziwa Edward, lakini ni mgeni katika mito ya msitu inayokwenda Lualaba. Akiingia huko anashindana na samaki wenyeji kwa chakula na mahali pa kuzalia, na anaweza kuchanganya damu na jamaa zake wa karibu. Upande wa Sake, bwawa lililopasuka ni hasara ya mwenye bwawa. Upande wa Lowa, ni hasara ya mto mzima, na hakuna anayeweza kumrudisha samaki huyo bwawani.

Je, yote haya ni kazi ya mabadiliko ya tabianchi? Hapa ndipo penye funzo kubwa. Baada ya msiba wa Kalehe na mafuriko yaliyoipiga Rwanda wiki hiyohiyo, wanasayansi wa kundi la World Weather Attribution, wanaochunguza kama hali mbaya ya hewa imesababishwa na joto la dunia, walijaribu kujibu swali hilo. Mwezi wa sita 2023 walitangaza kwamba hawawezi kusema ndiyo wala hapana. Takwimu za mvua kuzunguka Ziwa Kivu zilikuwa chache mno. Vituo vya kupimia vilivyofanya kazi wakati wa ukoloni vingi vimekufa, na vita vimezuia vipya kusimama. Eneo ambalo watu wamezama kwa mamia halina hata vipimo vya kutosha kueleza mvua iliyowazamisha. Kama hali ni hiyo kwa mvua inayoua watu, basi kwa joto la maji ya Lowa na idadi ya samaki wake, giza ni kubwa zaidi.

Sake, Kabuno na somo la Tanganyika

Masisi ina mlango kwenye Ziwa Kivu: Sake, mwisho wa ghuba ya Kabuno. Wakaaji wa Sake wanaishi kwa sambaza, na wengi wao hawajui kwamba samaki huyo ni mgeni. Aliletwa kutoka Ziwa Tanganyika kati ya 1958 na 1960, na ndiye aliyegeuza Kivu, ziwa lenye aina chache za samaki, kuwa ziwa la uvuvi wa kweli.

Sambaza anaishi katika chumba chembamba. Kivu lina kina cha karibu mita 485, lakini hewa ya kupumua iko katika mita chache za juu tu, kiasi cha 60 hivi wakati mzuri. Chini yake kuna maji mazito yenye gesi ya metani na kaboni. Kabuno ni finyu zaidi: imetenganishwa na ziwa kubwa kwa kizingiti, na hewa yake inaishia kadiri ya mita kumi. Kila mwaka, wakati wa kipwa, kuanzia mwezi wa sita, upepo na baridi huchanganya maji ya juu na kupandisha rutuba kutoka chini kidogo. Rutuba hiyo inalisha mimea midogo, mimea inalisha wadudu wa maji, na wadudu wanalisha sambaza. Maji ya juu yakizidi kupata joto yanakuwa mepesi, na upepo unapata shida kuyachanganya. Utafiti uliochapishwa 2014 ulionyesha kwamba maji ya juu ya Kivu yamekuwa yakipata joto, kiasi cha digrii moja ya kumi kila miaka kumi.

Jambo hilo limeonekana tayari upande wa kusini. Mwaka 2003, watafiti waliandika katika jarida la Nature kwamba joto la Ziwa Tanganyika limepunguza kuchanganyika kwa maji, kiasi kwamba chakula cha msingi cha ziwa kilishuka kama asilimia 20, na mavuno ya samaki yangeweza kushuka kama asilimia 30. Wakati huo wengi walilaumu wavuvi peke yao. Wavuvi wana sehemu yao, lakini ziwa lenyewe lilikuwa limeanza kutoa kidogo.

Somo kwa Sake ni hili: ziwa linapotoa kidogo, kuvua kama zamani ni kuvua kupita kiasi, hata kama idadi ya mitumbwi haijaongezeka. Kiwango ambacho baba alivua bila madhara kinaweza kumaliza samaki mikononi mwa mwana.

Tabianchi isiwe kisingizio

Kuna hatari nyingine: kuweka kila kosa juu ya hewa. Hakuna aliyekamata joto la dunia likimwaga utupa mtoni. Ni watu wanaotwanga mimea ya sumu, na siku hizi wengine wanatumia dawa za kuulia wadudu wa mashamba, ili samaki wote waelee kwa mara moja, wakubwa kwa wadogo. Ni watu wanaogeuza chandarua cha malaria kuwa wavu. Ni watu wanaokata miti ya mwisho kando ya kijito kwa ajili ya makala, na wanaopeleka makundi ya ng'ombe kunywa mahali pamoja mpaka ukingo unavunjika.

Uchimbaji una sehemu yake kubwa. Rubaya, huko Masisi, inatoa koltani ambayo dunia nzima inaitaka, na udongo wake unaooshwa unakwenda na maji. Walikale ina bati la Bisie na machimbo mengi ya dhahabu kandokando ya vijito. Dhahabu ya wachimbaji wadogo husafishwa mara nyingi kwa zebaki, na zebaki hiyo ikifika katika maji ya moto yasiyo na hewa, vijidudu huigeuza kuwa sumu inayoingia mwilini mwa samaki, kisha mwilini mwa anayemla. Hapa joto na uchimbaji vinashikana mikono.

Na juu ya yote kuna vita. Rubaya iko mikononi mwa M23 tangu mwisho wa mwezi wa nne 2024. Masisi-kati na Sake zilianguka mwezi wa kwanza 2025, kabla ya Goma. Tarehe 19 mwezi wa tatu waasi waliingia Walikale-kati, wakaondoka wiki chache baadaye. Hata mgodi mkubwa wa Bisie ulisimama kwa muda. Katika misukosuko hiyo, familia zimekimbia zikaacha mabwawa bila mtu wa kutengeneza kingo au kusafisha mifereji. Bwawa lisiloangaliwa kwa msimu mmoja wa mvua ni bwawa lililokufa. Na pale ambapo mwenye bunduki anatoza kodi kwenye kivuko na sokoni, hakuna mvuvi atakayeacha samaki mdogo leo ili amkute mkubwa kesho. Hana uhakika kama kesho atakuwapo.

Sheria mbili, moja ya samaki na moja ya msitu

Msingi wa sheria ya uvuvi nchini Congo ni dekreti ya 1932 juu ya maeneo ya kuvulia yanayotolewa kwa kibali na ile ya tarehe 21 mwezi wa nne 1937 juu ya uwindaji na uvuvi. Mwaka 1982 uwindaji ulipata sheria yake mpya. Uvuvi ulibaki pale ulipokuwa. Dekreti ya 1937 ilijua sumu na baruti. Haikujua wavu wa nailoni, wala chandarua cha dawa, wala maji yanayopata joto. Zaidi ya hayo, iliandikwa na utawala uliomwona mwanakijiji kama mtu wa kuzuiwa, si mtu wa kukabidhiwa mto wake.

Ni vizuri kulinganisha na msitu. Dekreti ya tarehe 2 mwezi wa nane 2014 inaruhusu jamii za wenyeji kupata kibali cha msitu wao, hadi hekta 50,000, na kuusimamia wenyewe. Walikale ni kati ya wilaya ambazo vijiji vimetumia nafasi hiyo. Kwa hiyo leo kijiji cha Walikale kinaweza kuwa na karatasi ya serikali inayosema mti huu ni wetu, lakini hakina karatasi inayosema kijito kinachopita chini ya mti huo tutakifunga wakati wa mazalio. Sheria ya maji ipo pia, ya mwisho wa 2015, lakini nayo haijafika mpaka kwenye mtego wa mvuvi.

Jimbo lingeweza kuziba pengo hilo kwa kanuni zake. Lakini tangu mwezi wa tano 2021 Kivu Kaskazini iko chini ya état de siège, na bunge la jimbo limesimamishwa. Kisha sehemu kubwa ya Masisi ikatoka mikononi mwa serikali. Hivyo mahali penye haja kubwa ya kanuni mpya ni mahali ambapo mtungaji wa kanuni hayupo.

Majirani wanaonyesha kwamba inawezekana. Tanzania ilifunga uvuvi upande wake wa Ziwa Tanganyika kuanzia tarehe 15 mwezi wa tano hadi 15 mwezi wa nane 2024, ili samaki wazae. Rwanda imezoea kufunga uvuvi wa sambaza katika Ziwa Kivu kwa muda kila mwaka. Kufunga kunauma, hasa kwa anayekula alichovua leo. Kunafaulu tu pale ambapo kila upande wa maji unafunga pamoja, na pale ambapo mvuvi ana kitu kingine cha kula. Ziwa likifungwa upande mmoja na kuachwa wazi upande wa pili, anayetii ndiye anayepoteza.

Kinachoweza kufanyika kabla ya amani

Kungoja vita viishe ndipo samaki walindwe ni kungoja mto mtupu. Yapo mambo ambayo hayahitaji sahihi ya waziri.

La kwanza ni mazalio. Wazee wa kila kijiji cha mtoni wanajua ni wapi samaki huzaa na mvua ipi huwaita. Mila nyingi za eneo hili zilikuwa na sehemu za mto na misimu isiyoguswa. Viongozi wa kimila, makanisa na vyama vya wavuvi wanaweza kuzirudisha kwa makubaliano ya kijiji na kijiji: kijito fulani hakiguswi tangu maji yaanze kupanda mpaka watoto wa samaki waonekane. Kwa kuwa mvua zinahama, kanuni ifuate maji yenyewe, si tarehe ya kalenda.

La pili ni ukingo. Kuacha hatua chache za majani, mianzi au matete kando ya kijito huko Masisi kunazuia udongo kuliko hotuba yoyote. Mkulima atauliza, na ni haki yake: nani atamlipa kwa mistari ile anayoacha? Jibu la karibu ni kwamba majani hayo yanaweza kukatwa kulisha mbuzi na ng'ombe, na udongo unaobaki ni wa shamba lake mwenyewe. Jibu la mbali ni kwamba Walikale, inayofaidika, ina sababu ya kukaa meza moja na Masisi. Hakuna baraza la mto Lowa linalokutanisha mabwami wa juu na wa chini. Lingekuwa jambo jipya, na halingehitaji pesa nyingi.

La tatu ni bwawa. Mwishoni mwa ukoloni, Congo ilikuwa na mabwawa ya familia zaidi ya 100,000, mengi yakiachwa baadaye kwa kukosa mbegu nzuri na ushauri. Kosa hilo lisirudiwe. Bwawa la leo lijengwe nje ya njia ya mafuriko, liwe na mfereji wa kupitishia maji ya ziada, na kina cha kutosha ili jua la kiangazi lisilichemshe. Milimani tilapia anaweza kuendelea. Upande wa maji yanayokwenda Lowa, kambale mwenyeji ni salama zaidi kwa mto na anavumilia joto.

La nne ndilo la bei rahisi kuliko yote: kupima. Kijiti chenye alama kilichosimikwa mtoni, kipimajoto, na daftari. Mwalimu wa shule na wanafunzi wake wanaweza kuandika kila asubuhi kimo cha maji na joto lake. Mama muuzaji anaweza kuandika siku ya soko ni samaki gani walifika na kwa kiasi gani. Wataalamu wapo karibu: kituo cha Lwiro, wana-hidrobiolojia wa ISP Bukavu, kituo cha utafiti cha Uvira. Wanachokosa mara nyingi ni njia ya kufika Masisi na Walikale. Daftari linaweza kusafiri mahali ambapo mtaalamu hawezi.

Baada ya miaka mitano, madaftari kumi kama hayo yangejua juu ya Lowa kuliko ofisi yoyote ya Kinshasa. Siku mvuvi wa Walikale atakaposema mvua si zile za zamani, kutakuwa na kitu cha kumwonyesha ni kiasi gani zimebadilika, na kiasi gani cha matope kimetoka kwa jirani yake wa mlimani. Na siku serikali itakapokaa kuandika sheria mpya ya uvuvi, haitaweza kusema kwamba watu wa Masisi na Walikale hawakuwa na la kueleza.